Je, Wajua? Ngome za Vita, Kutoka Vilima vya Gusii Hadi Mizinga ya Mombasa

Kaunti za Kisii na Nyamira hazina ufuo hata wa kunawia miguu. Haziligusi ziwa, sembuse bahari. Hata hivyo, mwaka 1914 vita vilipanda vilimani kutoka majini, vikapiganwa mchana kweupe katika mji wa Kisii. Toleo hili linafuata nyayo za vita hivyo na vilivyovitangulia: mabaki yaliyo ya mawe, yaliyo ya chuma, na yaliyobaki midomoni mwa watu tu.

VITA VILIVYOTOKA MAJINI

1. Je, wajua kuwa pwani ya Mgusii si Mombasa? Kutoka Kisii hadi Mombasa ni takriban kilomita 800 kwa barabara, lakini Kendu Bay au Homa Bay utafika kwa kama saa moja ukipata gari zuri. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Agosti 1914, Ziwa Viktoria ndilo lililokuwa mpaka. Upande wa kaskazini alikuwa Mwingereza na bandari yake ya Kisumu. Kusini alikuwa Mjerumani na bandari zake za Mwanza na Bukoba.

2. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700. Kwa hiyo jeshi lolote lililotoka ufuoni kuja Kisii lilipaswa kupanda zaidi ya nusu kilomita kwenda juu, likiwa na risasi, chakula na wagonjwa mabegani mwa wapagazi. Mlima ulikuwa askari wa kwanza, na hakulipwa mshahara.

3. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika kilivuka mpaka kutoka kusini kikiongozwa na Kapteni Bock von Wülfingen. Kilipitia Karungu, kando ya ziwa, kisha kikapanda hadi Kisii. Maafisa wa serikali ya Uingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Mji ukatwaliwa bila mtu kuupigania.

4. Tarehe 12 Septemba 1914 wanajeshi wa King's African Rifles, wale ambao wazee wetu waliwaita Keya, walifika kutoka upande wa Kendu na kuwashambulia Wajerumani waliokuwa mjini. Kiongozi wao, Kapteni Thorne, aliuawa siku hiyo hiyo.

5. Sasa hapa punguza mwendo. Jioni ilipoingia, Waingereza walirudi nyuma. Wajerumani nao, wakiwa wameumia vibaya, waliondoka usiku. Yaani pande zote mbili ziliuacha mji ule ule, usiku ule ule. Waingereza waliporudi walikuta Mjerumani hayupo, isipokuwa majeruhi wake aliowaacha. Kisii ni miongoni mwa miji michache iliyokombolewa na watu waliokuwa wamekwisha kuikimbia.

6. Katika siku hizo hizo, meli ya Waingereza iitwayo Winifred ilifika ghuba ya Karungu ikamkuta Muansa, mashua ya Wajerumani iliyofungwa mzinga mdogo. Winifred ilikuwa meli ya abiria na mizigo. Ilirudi nyuma, ikaja tena ikiwa na mwenzake Kavirondo, na Muansa ikaondoka. Ndivyo vita vya majini vya ziwa hili vilivyokuwa: meli za kubeba pamba na ngozi zikivalishwa mizinga kwa haraka.

7. Novemba 1914 meli nyingine ya Kisumu, Sybil, ilipanda mwamba karibu na Majita, upande wa Wajerumani, ikaachwa. Mwaka uliofuata Waingereza walirudi, wakaiinua na kuirudisha kazini. Ziwani chuma kilikuwa ghali kuliko fahari.

8. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaivamia Bukoba na kubomoa kituo chake cha simu ya upepo. Miongoni mwa wavamizi alikuwemo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Mwanza ilitekwa Julai 1916. Tangu hapo mpaka wa maji haukuwa na adui ng'ambo yake.

WALIOBAKI KATIKATI

9. Je, wajua nani aliingia mjini baada ya majeshi mawili kuondoka? Wenyeji. Kwa Abagusii waliokuwa wametozwa kodi ya kibanda na kuchomewa nyumba katika muongo uliotangulia, boma tupu lilionekana kama utawala uliokwisha kazi. Ofisi za serikali na maduka ya Wahindi yaliporwa. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa nazo hazikusalimika.

10. Waingereza waliporudi, adhabu ilikuwa ya moto na ya mifugo: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Familia nyingi zilikosa mali katika vita ambavyo hazikuvianzisha, kati ya wafalme wawili ambao hazikuwahi kuwaona.

11. Wakati huo kulikuwa na imani iliyoitwa Mumbo. Ilianza mwaka 1913 kwa Onyango Dunde wa Alego, aliyesema kuwa joka kubwa lilitoka ziwani likampa ujumbe: siku za Mzungu zinahesabika. Imani hiyo ilipanda kutoka ufuoni hadi Gusii, na kuingia kwa Mjerumani mjini Kisii kuliipa nguvu. Tazama mwelekeo: majeshi yalitoka ziwani, na tumaini la kuyaondoa nalo lilitoka ziwani. Serikali iliiogopa kiasi cha kuwahamisha baadhi ya viongozi wake hadi pwani ya bahari, mamia ya kilomita kutoka nyumbani.

12. Wanaume wengi wa Kisii na Nyanza nzima walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Katika vita vya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 40,000 kwa hesabu rasmi pekee. Wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa.

BOMA LA GETEMBE

13. Kuna watu wanaoapa kuwa BOMA ni kifupi cha maneno ya Kiingereza kuhusu utawala wa Uingereza ng'ambo. Si kweli hata kidogo. Boma ni neno la Kiswahili la tangu zamani, lenye maana ya ua au ukuta wa kujilinda. Wasafiri wa Ulaya walilikuta likitumika bara katika karne ya 19, kabla Uingereza haijawa na ofisi hata moja huku. Mwingereza alilikuta neno na nyumba yake, akahamia.

14. Boma la serikali mjini Kisii lilianzishwa mwaka 1907. Wenyeji wana majina mawili ya mji huo: Getembe, na Bosongo, yaani kwa Wazungu. Jina la pili ni kama kibao cha njia kilichoandikwa na watu walioangalia ujenzi kwa mbali, mikono kifuani.

15. Wazee wa Gusii husimulia kuwa mtabiri Sakawa alitangulia kuuona mji huo. Inasemekana alizunguka Getembe kabla ya ukoloni akionyesha mahali pangekuwa na nini, pamoja na nyumba za wageni wenye ngozi ya ajabu. Ukitaka kuwafahamu Abagusii, usiulize tu boma lilijengwa lini. Uliza nani alisema litajengwa.

16. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilipoingia Gusii, vijana wenye mikuki walikabili bunduki ya rashasha aina ya Maxim. Zaidi ya watu mia waliuawa kwa muda mfupi. Ngao ya ngozi iliyozuia mshale kwa karne nyingi haikuwa na jibu kwa chombo kilichotema mamia ya risasi kwa dakika.

17. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki afisa wa wilaya, Geoffry Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Anayekumbukwa kwa kumtia moyo ni Moraa Ng'iti, mwanamke mganga na mwonaji. Northcote alipona. Otenyo aliuawa, na simulizi za nyumbani zinashikilia kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Hadi leo jamii yake inadai kirudishwe kizikwe.

18. Msafara wa adhabu uliofuata ulikuwa mkali hata London ikashtuka. Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni na aliyepita Kisumu miezi michache tu kabla ya msafara huo, aliandika kulalamikia idadi ya watu waliokuwa wakiuawa bila uwezo wa kujitetea. Malalamiko yalifika yakiwa yamechelewa, kama kawaida ya barua za ofisini.

19. Je, wajua Northcote aliishia wapi? Kuanzia 1937 hadi Septemba 1941 alikuwa gavana wa Hong Kong, koloni lililozungukwa na mizinga mizito ya pwani, mahandaki na vituo vya zege vya kulenga bahari. Aliondoka miezi mitatu kabla Wajapani hawajashambulia. Hong Kong ilisalimu amri siku ya Krismasi 1941, na adui mkuu hakuja kwa upande wa bahari bali alitokea bara, nyuma ya mizinga. Northcote angeweza kuwaambia jambo hilo tangu mwanzo, maana hata ule mkuki wa Otenyo ulitoka mgongoni.

NGOME KABLA YA BUNDUKI

20. Kabla ya boma la Mzungu, Mgusii alikuwa na ngome yake. Kwa Ekegusii ukuta wa kujihami huitwa *orwaki*, na zikiwa nyingi huwa *chindwaki*. Zilijengwa kwa mawe au kwa udongo kulingana na nchi ilivyo. Nyingi za udongo zimeyeyuka na mvua za nyanda za juu, na juu yake sasa kuna migomba na chai.

21. Ukitaka kuiona ngome ya mawe ingali imesimama, shuka hadi Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori. Kuta zake zilianza kujengwa takriban karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, ikawa eneo la saba la Kenya kupata heshima hiyo. Fort Jesus, ngome ya Wareno kule Mombasa, ilitangulia kwa miaka saba.

22. Ajabu ya Thimlich ni kwamba hakuna saruji, chokaa wala udongo wa kushikiza. Mawe ya maumbo yote yamefungwa kwa uzito wake tu: ukuta wa nje, ukuta wa ndani, na katikati mawe madogo ya kujazia. Kuta zimepindapinda kama nyoka, na mapindo hayo ndiyo yanayozipa nguvu, maana ukuta ulionyooka bila kishikizo huanguka upesi. Sehemu nyingine zinafika mita 4.

23. Mlango wa ngome hiyo ni mdogo makusudi. Anayeingia huinama, na anayeinama hawezi kurusha mkuki. Mlinzi aliyesimama ndani alihitaji rungu moja tu. Wareno kule Mombasa walitumia mamia ya vibarua na msanifu kutoka Italia kutatua tatizo lile lile.

24. Thimlich si peke yake. Katika eneo la kusini mwa Nyanza watafiti wameorodhesha maeneo zaidi ya 100 yenye maboma ya mawe, yote yakiwa na miundo zaidi ya 500. Mahali pasipo na mawe, watu walichimba mtaro na kurundika udongo kuwa ukuta. Waluo huviita viunga hivyo *gunda bur*. Waliofika baadaye mara nyingi walikarabati kuta walizozikuta, Wabantu kwa Waniloti, bila kuuliza mwenye jiwe la kwanza alikuwa nani.

25. Gusii ilikuwa pia na ulinzi wa aina nyingine: *egesarate*, kambi ya ng'ombe. Vijana wasiooa waliishi huko na mifugo ya ukoo, silaha mkononi, mbali na nyumba za wazee. Kambi hiyo ilikuwa zizi, kituo cha jeshi na shule ya ujana kwa pamoja. Waingereza walizivunja kambi hizo mwanzoni mwa miaka ya 1910. Walijua walichokuwa wakivunja.

26. Kwa nini Abagusii wako milimani? Simulizi zao zinasema waliwahi kuishi tambarare karibu na ziwa, wakasogea hadi Kabianga, upande wa Kericho ya leo. Huko baridi iliwaumiza, mazao yakakataa, na uvamizi ukawaandama. Waliponusurika walishika vilele vya Manga na kusambaa kutoka hapo.

27. Genge la Manga, lililo kwenye mpaka wa Kisii na Nyamira, ni ukuta ambao hakuna fundi aliyeujenga. Ukisimama juu siku isiyo na mawingu, unaona nchi ikiteremka kuelekea ziwani. Mlinzi mwenye macho mazuri aliona vumbi la wageni mapema, akapata muda wa kuhamisha ng'ombe na watoto. Hakuna handaki la zege linalotoa huduma hiyo.

28. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Abagusii walipambana na Wakipsigis karibu na mto Charachani, Nyamira. Wagusii huviita vita vya Saosao, Wakipsigis huviita Mogori. Wakipsigis walipoteza vijana wengi sana, na pande zote mbili bado husimulia siku hiyo, kila upande kwa sauti yake. Huko hutakuta mnara. Jina la mahali ndilo kaburi.

29. Ukienda kutoka Nyamira kuelekea Kericho hauko mbali na Fort Ternan, mahali palipopewa jina la Kanali Trevor Ternan. Leo pana umaarufu kwa sababu isiyohusiana na vita: miaka ya 1960 Louis Leakey alipata hapo mabaki ya viumbe wa jamii ya nyani walioishi takriban miaka milioni 14 iliyopita. Watafiti walikuja kutafuta historia ya mwanadamu, wakaikuta chini ya jina la ngome.

MIZINGA ILIYOKWENDA PWANI

30. Siku 8 baada ya mapigano ya Kisii, yaani tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Wajerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Waingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa. Pegasus ilizama. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe.

31. Königsberg nayo ilijificha katika delta ya Rufiji, ikaangamizwa humo Julai 1915. Lakini Wajerumani waliifungua mizinga yake mikubwa 10, wakaitilia magurudumu na kuivuta nchi kavu. Jeshi la pwani likageuka jeshi la porini.

32. Je, wajua kuwa maadui hao wawili sasa wanaishi nyumba moja? Ukiingia Fort Jesus, Mombasa, utakuta mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus. Meli zilizopigana zimeoza, midomo yao ya chuma imebaki ikipigwa picha na watoto wa shule, wakiwemo wanaoshuka kwa basi kutoka Kisii na Nyamira wakati wa ziara.

33. Fort Jesus yenyewe ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waliokuwa ndani hawakumalizwa na mizinga, walimalizwa na maradhi na njaa. Ukuta mnene haupiki ugali.

34. Katika mzingiro huo meli ya msaada ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wazamiaji waliichunguza kuanzia 1977, na vyombo vyake vimewekwa katika makumbusho ya humo humo ngomeni. Iliyokuja kuokoa ngome ikaishia kuwa mgeni wake wa kudumu.

35. Vita Vikuu vya Pili vilileta ulinzi wa pwani usio na ukuta. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, sehemu kubwa ya manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Katika jengo la shule ya Allidina Visram, Mombasa, wataalamu waliketi wakisikiliza redio za Wajapani, na mwaka huo huo wakafumbua msimbo wa meli zao za biashara. Adui aliyelengwa alikuwa ng'ambo ya bahari, na silaha ilikuwa penseli.

36. Chuma cha vita ambacho hakikukubali kuwa mabaki ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ikiitwa Graf von Götzen. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya. Ilibeba abiria na dagaa kwa miongo mingi baada ya wale walioipigania kuzikwa.

NGOME ZILIZO NDANI YA MANENO

37. *Gereza*: wataalamu wengi wanalirudisha kwa Kireno *igreja*, yaani kanisa. Ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani, na baadaye ngome zikawa jela. Fort Jesus ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958.

38. *Handaki*: limetoka Kiarabu, nacho kililitoa Kiajemi. Vita vya Handaki vya mwaka 627, kule Madina, vinakumbukwa kwa mtaro uliochimbwa kwa ushauri wa Salman al-Farsi, Mwajemi. Mchimbaji na neno lake walitoka nchi moja.

39. *Mzinga*: gogo lililotobolewa katikati, nyuki wakae. Mswahili alipoona bomba nene la chuma linalotoa kelele na kuuma, hakuhitaji kamusi.

40. *Kariokor* ya Nairobi na *Kariakoo* ya Dar es Salaam ni neno moja: Carrier Corps, kwa ulimi wa waliobeba. Leo ni masoko. Kila anayeita kondakta amshushe Kariokor anawataja wapagazi wa mwaka 1914 bila kujua.

UKIENDA KUTAZAMA

41. Je, wajua kuwa Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kifaa kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895? Ganda la risasi la Kisii la 1914 limechelewa kwa miaka 19. Kitu cha baadaye kinahitaji kutangazwa rasmi na serikali ndipo kilindwe. Ndiyo maana chuma cha vita huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kikauzwa kwa kilo.

42. Ukikuta ganda au bomu, usiligonge, usilibebe, usiliweke kwenye mkoba uende ukamwonyeshe mwalimu. Baruti haizeeki kwa adabu. Weka alama mahali hapo, waondoe watoto, mwite chifu au polisi.

43. Ukifika Thimlich, usipande juu ya kuta. Jiwe moja likitoka, yanayofuata hayana saruji ya kuyazuia. Ukienda Manga, vaa viatu vyenye meno, maana baada ya mvua udongo mwekundu huteleza kama sabuni.

44. Chombo bora cha kutafutia mabaki Gusii si kifaa cha kutambua chuma. Ni salamu. Mwambie mzee *Bwakire buya* asubuhi, keti unapoonyeshwa, kunywa chai unayopewa, kisha uliza mahali hapo panaitwaje na kwa nini. Ukiuliza swali la vita kabla ya chai, utajibiwa kwa heshima na hutaambiwa kitu.

45. Mwisho, jaribu hili bila kiingilio. Ukishuka kwenye matatu mjini Kisii, simama katikati ya mji, uzibe masikio usisikie kelele za makanga, kisha uinue macho na kugeuka polepole. Kila upande utaona kilima. Umesimama chini ya bakuli, mahali alipokuwa Kapteni Bock von Wülfingen mchana wa tarehe 12 Septemba 1914, na ukingoni mwa bakuli kuna watu wenye bunduki. Sasa wajua kwa nini hakungoja kuche.